Vita kubwa ikiisha, madola makubwa yanagombania nini? Jibu kwa msomaji wa Ujiji

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko Ujiji, nafanya biashara ya dagaa na mawese. Babu yangu husimulia kwamba mwaka 1965 Wakuba walipita Kigoma kwenda kupigana Kongo, na kwamba walitumwa na Mrusi. Siku hizi Mchina anatujengea reli, na redioni nasikia Mmarekani anashindana naye kwenye madini ya Kongo. Naomba unifafanulie: vita kubwa ikiisha, haya madola yanagombania nini hasa? Mbona hayapigani yenyewe kwa yenyewe? Na sisi tuna lipi la kusema, au ndiyo yale ya fahari wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi?"

Marahaba, mwanangu. Kabla hatujafika kwa Mmarekani na Mrusi, tuanzie bandarini hapohapo Kigoma.

Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Mbelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji wa Kigoma kutoka kwa Wajerumani, na Septemba 19 yakaingia Tabora. Vita ilipokwisha, Mwingereza na Mbelgiji, waliopigana upande mmoja, walikaa mezani kugawana walichokiteka. Mwingereza akachukua Tanganyika, Mbelgiji akabaki na Rwanda na Urundi. Hata hivyo Mbelgiji hakuiachia Kigoma hivihivi. Kwa mkataba wa Machi 1921 alipewa eneo katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, yakajulikana kwa jina la Belbase, ili mizigo ya Kongo na ya Rwanda na Urundi ipite bila kutozwa ushuru. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa mkataba ulikuwa milele.

Watu wa Kigoma hawakuulizwa. Wala Wabelgiji hawakuhitaji kuitawala Tanganyika nzima. Walihitaji njia ya kutoka ziwani hadi baharini, na wakaipata. Ukiniuliza madola yanagombania nini baada ya vita, naanza na hilo: njia ya kupitisha mali. Yapo na mengine: soko la kuuzia, mkopo unaomfunga mkopaji, sarafu itakayotumika, shule watakakosomeshwa viongozi wa kesho, na kiti kwenye meza ambayo mambo ya wengine huamuliwa. Bunduki huingia pale hayo yaliposhindikana, au pale mtu anapoogopa kwamba mwenzake anakaribia kuyapata yote.

Sasa twende 1945. Ulaya ilikuwa magofu. Uingereza na Ufaransa, zilizozoea kuamuru dunia, madeni yalikuwa yamezifika shingoni. Waliobaki na nguvu ni wawili. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umepoteza watu wapatao milioni 27, na jeshi lake lilikuwa limesimama katikati ya Ujerumani likiwa halina haraka ya kuondoka. Marekani, ambayo viwanda vyake havikuguswa na vita, ilikuwa inatengeneza karibu nusu ya bidhaa zote za viwandani duniani. Mmoja alikuwa na majeraha na hofu ya kuvamiwa tena kutoka magharibi. Mwingine alikuwa na mali nyingi na hofu ya kukosa dunia ya kufanya nayo biashara. Hofu hizo mbili zinaeleza sehemu kubwa ya yaliyofuata. Atakayekuambia kwamba mmoja alikuwa mwema na mwingine shetani, mwache apite.

Februari 1947 Uingereza iliiarifu Washington kwamba haina tena fedha za kuisaidia serikali ya Ugiriki, iliyokuwa vitani na wakomunisti wa nchi hiyo. Machi 12 Rais Truman akaliomba Bunge lake dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki. Juni mwaka huo waziri wake wa mambo ya nje, George Marshall, akatangaza mpango wa kuisimamisha Ulaya upya, na kufikia 1952 zilikuwa zimetoka kama dola bilioni 13, nyingi zikiwa msaada usiorudishwa. Fedha zile zilinunua ngano, mafuta na mashine, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ilitoka Marekani kwenyewe. Zilimshibisha Mfaransa na Mtaliano, zikakipa kazi kiwanda cha Mmarekani, na zikawapunguzia wakomunisti wa Ulaya hoja yao kubwa, yaani njaa. Mimi nausifu mpango ule. Uliwainua watu kweli, na uliiinua Marekani vilevile.

Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliuona kuwa mtego. Czechoslovakia ilikuwa imeshakubali mwaliko wa kwenda Paris, Julai 1947, kuujadili mpango huo. Viongozi wake wakaitwa Moscow, na nchi ikajitoa. Februari mwaka uliofuata wakomunisti wakaishika serikali yote ya Prague.

Nakushauri uisome kwa makini habari ya Berlin, kwa maana inajibu swali lako la pili. Mji ule ulikuwa ndani ya eneo la Wasovieti, lakini uligawanywa kwa washindi wote wanne. Juni 1948 nchi za Magharibi zilileta sarafu mpya katika maeneo yao ya Ujerumani. Wasovieti walielewa maana yake: anayetoa sarafu ndiye anayeushika uchumi, na nusu ya Ujerumani ilikuwa inawaponyoka. Wakafunga barabara, reli na mifereji yote iendayo Berlin Magharibi. Watu zaidi ya milioni mbili wakabaki kama walio kisiwani. Marekani na Uingereza zikaanza kuwapelekea kila kitu kwa ndege, usiku na mchana, mpaka Wasovieti walipofungua njia Mei 12, 1949. Kwa jumla zilipita angani tani milioni 2.3 hivi, na karibu theluthi mbili ilikuwa makaa ya mawe ya kupikia, kuotea moto na kuwashia umeme. Stalin angeweza kuamuru ndege zile zitunguliwe. Jenerali Clay, mkuu wa Wamarekani Ujerumani, alipendekeza msafara wenye silaha upasue njia kwa nguvu. Hakuna lililofanyika. Kila upande ulitafuta hatua ya kumlazimisha mwenzake awe wa kwanza kufyatua risasi, na kila upande ukakataa kuwa wa kwanza.

Waliogopa vita nyingine kama ile waliyotoka kuimaliza, na punde hofu ikaongezeka. Bomu la atomiki lilikuwa mikononi mwa Marekani peke yake tangu 1945; Agosti 1949 Wasovieti wakalipua la kwao la majaribio. Kuanzia hapo kupigana ana kwa ana kulimaanisha kufa wote. Na usidhani bomu hilo ni habari ya mbali. Urani ya bomu lililoanguka Hiroshima ilitoka kwa wingi katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi unayoitazama kila asubuhi ng'ambo ya ziwa. Kumbuka jina hilo, nitalirudia.

Basi wakashindana kwingine. Korea ilipigana kuanzia 1950 hadi 1953, kisha Vietnam, kisha Angola. Nchi za watu wengine, vijana wa watu wengine. Ila palipokuwa na amani ushindani ulikuja kwa sura ya urafiki, na kwetu ulikuja kwa sauti. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili Juni 1957. Radio Peking ikafuata 1961, Sauti ya Amerika 1962, Sauti ya Ujerumani 1963. Mzee wa Ujiji mwenye redio ya betri aliweza kuzungusha kitufe tu akasikia habari moja ikisimuliwa kwa namna nne. Moscow mwaka 1960 ilifungua chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Mwaka huohuo 1961 Marekani ikaanzisha Peace Corps, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wake. Wazazi waliopeleka watoto kusoma huko na huko hawakuwa vibaraka wa mtu. Walikuwa na watoto wenye akili, na shule za kuwatosha hazikuwapo.

Tuje kwenye nyasi.

Methali hiyo Kongo wameilipia kwa damu, na siwezi kuibeza. Lakini nyasi haziwezi kukataa kitu, ilhali nchi ndogo inaweza, na namna inavyokataa hubadilisha mambo. Zitazame pande mbili za ziwa lako katika miaka ileile.

Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Siku tano baadaye askari wake wakaasi. Julai 11 Katanga, yenye shaba na ule mgodi wa Shinkolobwe, ikatangaza kujitenga ikisaidiwa na Wabelgiji. Lumumba aliomba msaada Umoja wa Mataifa, akaiendea Marekani, na alipoona hasikilizwi akapokea ndege na malori ya Wasovieti. Kwa Washington hilo lilitosha. Septemba Mobutu, mkuu wa jeshi, akashika madaraka kwa mara ya kwanza, na Januari 17, 1961 Lumumba aliuawa Katanga mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Mwaka 1964 waasi wa Simba walipolishika eneo kubwa la mashariki, askari wa miavuli wa Ubelgiji walishushwa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kutoka katika ndege za Marekani.

Upande wetu nao haukuwa salama kama tunavyopenda kusimulia. Januari 20, 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na kesho yake kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Mwalimu Nyerere alilazimika kufanya jambo lililomuuma: kuwaomba Waingereza waje kuuzima uasi, miaka miwili tu baada ya uhuru. Walikuja wakauzima. Kinachonivutia ni lililofuata. Hakuwaacha wakae. Alizikimbilia nchi za Afrika, na Aprili kikosi cha Nigeria kikaja kushika zamu hadi Septemba. Jeshi la zamani likavunjwa, JWTZ likaundwa upya, na wakufunzi wakatafutwa kwa zaidi ya mlango mmoja: China, Ujerumani Magharibi, baadaye Canada. Aliyekuja kumwokoa hakupewa nafasi ya kuwa mwenye nyumba.

Na alikataa mengine. Ile Belbase ya milele aliitolea kauli bungeni Novemba 30, 1961, siku tisa kabla ya uhuru: Mwingereza alikuwa mwangalizi wa Tanganyika kwa muda tu, angewezaje kutoa ardhi yake milele? Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi kwa kuwa Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, Nyerere aliiambia iondoe na misaada yake mingine. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukakwama. Hasara zile zilikuwa za kweli: kuna mradi uliosimama na zahanati iliyochelewa. Naamini bado kwamba alifanya sawa.

Ila haki lazima isemwe. Nyerere alipata nafasi ya kukataa kwa sababu pia hakuna dola lililoona kwamba litakufa likiikosa Tanganyika. Hatukuwa na Shinkolobwe. Lumumba alikuwa ameketi juu ya madini ambayo Marekani iliapa yasimwangukie Mrusi, huku jeshi likimwasi, Katanga ikijitenga na rais wake mwenyewe akimfukuza kazi. Kumlaumu kwamba hakuwa na hekima ya jirani yake ni kumwonea.

Babu yako naye amesema kweli kwa sehemu kubwa. Mwishoni mwa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara, mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya Kuba, alifika Kigoma kutoka Dar es Salaam akiwa na kundi dogo la Wakuba, wakavuka ziwa usiku hadi Kibamba, upande wa Kongo. Walijipa majina ya tarakimu za Kiswahili. Yeye aliitwa Tatu. Wenzao waliendelea kufika hadi wakazidi mia moja. Serikali yetu iliruhusu silaha na wakufunzi wapite, ingawa mwanzoni haikuambiwa kwamba Che mwenyewe yumo. Kigoma ikawa ghala na mahali pa kupumzikia, na Laurent Kabila, aliyetarajiwa kuongoza mapigano, alionekana zaidi upande wetu kuliko vitani, jambo lililomuudhi sana Che. Upande wa pili Marekani iliweka boti za doria ziwani na ndege zilizorushwa na Wakuba waliomkimbia Castro, kiongozi wa Kuba. Wakuba wakapigana na Wakuba wenzao katika ardhi ya Wakongo.

Kwamba walitumwa na Mrusi, hapana. Castro na Che walikuwa na mpango wao. Februari mwaka ule, akiwa Algiers, Che alizishambulia hadharani nchi za kijamaa, Umoja wa Kisovieti ukiwa mbele yao, kwa kufanya biashara na nchi maskini kwa masharti yasiyo ya haki. Moscow haikufurahi. Wakati huohuo Wasovieti na Wachina, ambao wote waliwapa silaha waasi wa Simba, walikuwa wameshagombana wao kwa wao. Kwa hiyo ukisikia "kambi ya Mashariki" usiione kama jeshi moja lenye amiri mmoja. Kabila alikuwa na hesabu zake, Kuba zake, Dar es Salaam zake. Mambo yalipobadilika Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na viongozi wa Afrika walipokubaliana mjini Accra Oktoba 1965 kutoingiliana, serikali yetu iliwaambia Wakuba wafunge virago. Novemba 21 walivuka kurudi Kigoma. Novemba 24 Mobutu akapindua serikali, akatawala hadi 1997, alipoondolewa na Laurent Kabila yuleyule.

Umeitaja reli. Ile ya TAZARA ndiyo inayofundisha zaidi. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilikosa njia salama ya kupitisha shaba yake. Wakubwa wa Magharibi na Benki ya Dunia walisema reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. China, yenyewe maskini wakati ule, ikakubali mwaka 1967 kutoa mkopo usio na riba. Kazi ikafanyika kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na Wachina zaidi ya 60 walikufa kazini. Marekani nayo, haikutaka kuachwa nyuma, ikasaidia barabara kuu ya kwenda Zambia. Tukapata vyote viwili, reli ya mmoja na barabara ya mwingine.

China ilipata nini? Kura. Oktoba 25, 1971 Umoja wa Mataifa uliirudishia Beijing kiti chake, na Tanzania, kupitia balozi wake Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele kuipigania. Marekani haikusahau. Salim alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo mwaka 1981, ilimzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru, huku China ikimzuia Kurt Waldheim aliyekuwa akishindana naye. Kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Reli ya TAZARA ikawa na deni lililolipwa New York, kwenye Umoja wa Mataifa.

Na reli yenyewe? Injini za mwanzo zililemewa na milima kati ya Mlimba na Makambako, na miaka ya 1980 zikaletwa nyingine kutoka Ujerumani Magharibi. Uhaba wa vipuri, mabehewa na fedha za matengenezo uliifikisha ilipofika. Msaada uliojenga haukuwa na mpango wa kutunza, na sisi wenyewe hatukuutengeneza.

Leo ushindani umerudi njia zilezile. Marekani na Ulaya zinaisaidia reli ya Lobito, Angola, ili shaba na kobalti ya Kongo itokee Atlantiki. China inaitazama Bahari ya Hindi, na TAZARA imo katika mipango yake. Kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa na kampuni za Kichina Desemba 2022. Usiogope kwamba ni Mchina, wala usifurahi kwa sababu ni Mchina. Nakuambia vivyo hivyo kama angekuwa Mmarekani au Mturuki. Wewe ni mfanyabiashara na mizigo yako itapanda treni hiyo. Viongozi wakija Mwanga au Ujiji kufanya mkutano wa hadhara, simama uulize: mkopo ni wa sarafu gani, na shilingi ikishuka nani anabeba hasara? Vijana wetu wangapi wanafundishwa kutengeneza injini, na wapi? Vipuri vitanunuliwa kwa mtu mmoja tu au tunaweza kwenda kwingine? Mzigo wa Kongo na Burundi ukipita bandari ya Kigoma, nani anapanga tozo? Na mkataba unaisha mwaka gani?